Gari Lililosingiziwa Ulevi

Baba yangu ni Athumani Mlekwa, mkulima wa ndizi, na mama yangu ni Zainabu binti Kibwana. Nilizaliwa Kiroka, mahali ambapo barabara ya Matombo inaiacha tambarare na kuanza kuikabili milima. Kwa kuwa sisi ni Waluguru, ukoo wangu ni wa mama, na aliyenilea, aliyenichapa na aliyeamua nishike kazi gani alikuwa mjomba, si baba. Hilo liandike mwanzoni, mjukuu wangu Mwajuma, maana wenzako wa mjini siku hizi humwona mjomba kuwa mgeni wa sikukuu, na asiyejua uzito wa mjomba hataielewa habari hii.

Andika kama ninavyosema. Usinipambie maneno, wala usinirekebishe kwa sababu wewe umesoma nami sikusoma. Nikikosea nitajisahihisha mwenyewe. Na uketi wima.

Nilikuwa fundi wa injini za petroli mjini Morogoro tangu sijaota ndevu hadi macho yaliponikataza. Ninyi mnaojifunza ufundi sasa mnakuta mashine inachomekwa chini ya usukani na kuwaambia ugonjwa. Siidharau mashine hiyo. Lakini nataka mjue jinsi tulivyokuwa tukiyauliza magari maswali kabla haijaja, na nataka mjue habari ya gari moja ambalo lilinifanya nivue kofia.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Ludoviko wa Matombo, Mkatoliki, mtu mfupi mwenye mabega mapana, aliyejifunza kazi kwenye lori la misheni lililokuwa likishusha matunda na viungo mjini. Gereji yake ilikuwa kando ya barabara iendayo Msamvu, uwanja wa udongo ulionyweshwa oili hadi ukawa mgumu kama lami. Mjomba alinipeleka pale akanikabidhi kama mtu anavyokabidhi mbuzi. Mzee Ludoviko hakuniuliza jina. Aliniambia, "Weka mkono hapa," akanionyesha kichwa cha injini iliyokuwa imetoka safarini. Niliuweka nikauondoa haraka. Akasema, "Sasa umeanza kusoma."

Kanuni yake ilikuwa hiyo: kabla hujafungua, shika. Ukitangulia kuchukua spana, alikupiga kwenye vidole. Shika bomba, shika hozi, nusa ekzosi, chomoa plagi uitazame rangi. Plagi ikiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi, inavimbiwa. Ikiwa nyeupe, ina njaa, na njaa huiunguza.

Watu walipolalamika kwamba gari linakunywa mafuta, hakukubali maneno matupu. Alichukua chupa, akaijaza petroli, akaifunga kwa kamba ndani ya gari karibu na kioo, akapitisha mpira hadi kwenye kabureta, kisha tukaondoka. Gari lilikwenda hadi chupa ilipokauka na injini kuzima. Mahali lilipozimia ndipo palipokuwa jibu. Mwanafunzi alishuka akalisukuma gari hadi gereji, naye Mzee Ludoviko alikaa ndani akishika usukani. Kwa sababu hiyo hapakuwa na wanafunzi duniani walioyaombea magari ya watu afya kama sisi.

Sasa nieleze jambo ambalo ndilo shina la habari. Katika injini kuna kidude cha shaba kinachoenea kiganjani, kinakaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Kitabuni kinaitwa themostati. Sisi tulikiita mlango wa maji. Maji yakiwa baridi kinafunga, ili injini ijipashe moto upesi. Maji yakipata moto wa kutosha kinafungua, yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Katika malori ya zamani yaliyopanda Matombo na Mgeta yakiwa na shehena, milango ile ilizeeka ikakwama ikiwa imefungwa, na vipuri havikupatikana. Injini ilichemka katikati ya mlima, kichwa kikapinda, na mazao ya watu yakaozea njiani. Mzee Ludoviko aliona hayo mara nyingi mno. Akaamua. Kila gari lililoingia uwanjani kwake alilifungua, akautoa mlango wa maji, akautupa. "Nchi yenye jua haina haja ya mlango," alisema. Malori yakaacha kuchemka. Kila fundi aliyepita mikononi mwake alikwenda na kanuni hiyo, na wanafunzi wetu wakaipokea, hata ikawa Morogoro nzima gari lisilotolewa mlango wa maji lilionekana kama mtoto ambaye hajanyolewa nywele za uzazi.

Nami niliitoa milango hiyo kwa miaka mingi, kwa moyo safi.

Kisha likaja gari la Deo. Deo alikuwa mpwa wa Mzee Ludoviko, mtoto wa dada yake marehemu, na mzee ndiye aliyemlea. Alifanya kazi bandarini Dar es Salaam, akahamishiwa Morogoro, akaja na gari alilokuwa akiliota tangu utoto: gari la mbio la Kijapani, la zamani, rangi ya damu ya mzee, la chini hata paa lake likanifika kiunoni. Lilikuwa na viti viwili vya watu, na vingine viwili nyuma ambavyo sijui vilikusudiwa nani. Chini ya boneti ililala injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na kando yake turbo mbili, vile vinu vidogo vinavyoisukumia injini pumzi kwa nguvu ya moshi wake yenyewe.

Deo alipoiwasha nilikuwa nimeinama juu yake. Mwajuma, nimezisikia injini tangu utoto. Zipo zinazokohoa, zipo zinazopiga kelele, zipo zinazolalamika. Ile ilivuta pumzi. Nilisimama nikavua kofia yangu, na sikujua kwamba nimeivua mpaka Mzee Ludoviko aliponiuliza, "Umeingia kanisani?"

Lakini gari lile lilikunywa. Lilikunywa hata likawa simulizi ya mji. Kituo cha mafuta cha jirani kilikuwa na mhudumu aliyeitwa Mama Shani, Mnyamwezi wa Tabora, mwanamke mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Kila Deo alipoingia alimpokea kwa kelele.

"Karibu, mnywaji wangu! Leo tena?"

"Jaza, dada."

"Wewe Deo, hili ni gari au ng'ombe aliyetoka nyikani? Juzi nimelinywesha, leo linatoa ulimi."

"Jaza tu, dada, nachelewa kazini."

"Nijaze wapi? Nikianza kujaza mbele, nyuma linakuwa limeshamaliza."

Watu walicheka, na Deo alicheka nao mwanzoni. Baadaye aliacha kucheka. Alilalamika kwamba mshahara wake unaingia tangini wote, na mchumba wake alikuwa amemuuliza kama anataka kuoa au kuishi na pampu. Hatimaye alikwenda kwa mjomba wake kuomba shauri, na mjomba akatoa hukumu. Injini ing'olewe, auziwe mfanyabiashara mmoja wa karanga wa Gairo aliyeitaka kwa pikapu yake. Bodi likatwe, liende kwenye chuma chakavu. "Magari ya mbio ni walevi wa kuzaliwa," alisema Mzee Ludoviko. "Huwezi kumfundisha mlevi kunywa maji."

Mjomba akishasema, mpwa wa Kiluguru hana pa kukata rufaa. Deo aliinamisha kichwa. Kazi ya kuing'oa injini nikapewa mimi.

Nilianza kama nilivyofundishwa. Sikuchukua spana. Niliwasha gari asubuhi likiwa limelala baridi, nikaishika hozi ya juu, ile inayotoka kwenye injini kwenda rejeta. Gari likiwa zima, hozi hiyo hubaki baridi kwa muda, kisha ghafla inakuwa moto, kwa kuwa mlango umefunguka. Ile ilipata uvuguvugu tangu mwanzo, kidogo kidogo. Nikalipeleka gari hadi Kingolwira na kurudi. Mshale wa joto ulilala chini njia nzima, haukuinuka. Ekzosi ilinuka petroli mbichi. Nikachomoa plagi: nyeusi tititi.

Nikamwita Deo. "Nani alitoa mlango wa maji wa gari hili?"

"Mjomba mwenyewe. Siku ileile lilipofika. Alisema sasa amelibariki."

Nilikaa juu ya tairi nikafikiri. Kwa muda mrefu nilikuwa nimeona jambo nikalinyamazia: magari ya Kijapani yaliyoshuka melini yakiwa hayajaguswa yalikunywa kwa adabu, na yakishapita mikononi mwetu yakaanza ulevi. Nilidhani ni petroli yetu, au vumbi, au joto. Nikamwambia Deo alete kitabu kilichokuja na gari anisomee habari za maji na mafuta, akinifasiria. Alisoma polepole, nami nikafumba macho.

Kumbe ndani ya gari lile kuna kompyuta, nayo huyauliza maji kila wakati: mmepata moto? Maji yakijibu kwamba bado, kompyuta inaongeza petroli, kama sisi tulivyokuwa tukivuta choki asubuhi ili injini ya kabureta isizime. Maji yakisema ndiyo, inapunguza. Sasa maji yetu, kwa kukosa mlango, yalikimbilia rejeta kabla hayajapata moto, yakarudi baridi, yakajibu bado, bado, bado. Gari lile lilikuwa likiishi alfajiri mchana kutwa. Halikuwa limelewa. Lilikuwa likisikia baridi.

Nikacheka kwa sauti. Watu waliolibuni walikuwa wamekifanya chuma kiwe na swali. Lakini furaha yangu haikudumu, kwa maana nilijua hatua ifuatayo ni ipi. Ili gari la Deo lisikatwe, ilinibidi nimwambie Mzee Ludoviko, mbele ya mafundi aliowazaa yeye, kwamba mkono wake ndio uliolitia ugonjwa. Na si hilo tu, bali magari yote ya mji tangu zama za kompyuta zianze. Kanuni ile ndiyo iliyompa jina. Watu wa milimani walimwita Mzee wa Kupoza. Nami nilikuwa na wajukuu tayari, lakini mbele yake nilibaki mwanafunzi.

Nilijaribu. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Injini imeshuka?"

"Bado, mwalimu."

"Unangoja nini?"

Nikaanza kuifuta spana. "Bolti zimeshika kutu."

Alinitazama. "Bolti za gari la Kijapani zimeshika kutu. Haya. Jumamosi mnunuzi anataka mzigo wake."

Basi nikaenda kwa Mama Shani. Ninyi vijana mnautumia utani kuchekeana kwenye mpira tu. Sisi tuliufahamu kuwa ni njia. Mnyamwezi ni mtani wa Mluguru. Anaweza kumwambia mbele ya watu neno ambalo mwana hathubutu na mke hathubutu, na anayeambiwa haruhusiwi kukasirika. Nilimweleza Mama Shani habari ya mlango wa maji pale kwenye pampu. Alisikiliza akiwa ameshika mpira wa mafuta begani kama bunduki.

"Kwa hiyo wewe mzee mzima unamwogopa mwalimu wako?"

"Namheshimu."

"Ndiyo hivyo hivyo. Niachie mimi."

Mzee Ludoviko alikuwa na desturi ya kunywa kahawa alasiri kwenye benchi la kituo kile. Siku hiyo alipoketi, na mafundi tukiwa tumemzunguka, Mama Shani alimpazia sauti.

"Wewe Mluguru! Umeshuka kutoka kwenye lile shamba lenu la ukutani bila kudondoka?"

"Nimeshuka salama, Mnyamwezi. Na wewe, kichwa bado kimebonyea kwa mizigo ya babu zako?"

"Kichwa changu kizima. Nasikia wewe una mgonjwa unataka kumchinja."

"Mgonjwa gani tena?"

"Gari la mpwa wako. Umemvua blanketi, umemlaza nje kwenye baridi ya mlima Lupanga, halafu unashangaa kwa nini anakula kama kiwavi! Injini hiyo inatetemeka, Mluguru wee. Mrudishie mlango wake wa maji kabla hujatutia aibu sisi watani zako."

Kicheko kilianza, kikafa. Kikombe cha Mzee Ludoviko kilikuwa kimesimama kati ya benchi na mdomo. Hakumtazama Mama Shani. Alinitazama mimi, nami nikavitazama viatu vyangu.

"Maneno haya hayakuota kwenye pampu," alisema.

Akanywa kahawa yake hadi ikaisha, akakirudisha kikombe kwa mwenyewe, akasema: "Uleteni huo mlango."

Kipuri cha injini ile kililetwa na basi kutoka Dar es Salaam. Alikipachika kwa mikono yake, polepole, hakutaka msaada. Kisha akatoa masharti. Jumamosi gari lingekwenda Gairo likiwa zima, mimi nikiendesha na yeye akiwa pembeni. Lingejazwa kwa Mama Shani hadi shingoni. "Likiwa limeacha ulevi nitaona. Likiwa halijaacha, litabaki huko kwa mwenye karanga." Deo alinipa ufunguo akageukia ukuta. Hakuweza kutazama.

Kabla hatujaondoka nilipima upepo wa matairi yakiwa baridi, maana tairi lililolegea ni kama kutembea mchangani. Niliushusha mzigo wote wa buti, spana na machuma ambayo Deo alikuwa akiyazungusha mjini bila sababu. Nikalisafisha chujio la hewa. Mambo hayo ni madogo, na vijana huyadharau kwa kuwa hayana sifa.

Mzee Ludoviko aliingia kwa taabu, magoti yakakaribia kidevu. "Nimekaa kama mtoto mgongoni," alinung'unika. "Waliolitengeneza hawana wazee kwao?"

Tulipita Dakawa, tukapita Magole. Nilikuwa nimeshaliuliza gari lile maswali yangu na sasa lilinijibu. Ukilikanyaga, turbo zinaamka, na zikiamka zinataka chakula cha mashetani. Ukiliwekea mguu mwepesi, gia ya juu kabisa, mwendo usiobadilika, turbo zinalala, na kinachobaki ni silinda sita zinazozunguka kwa upole kama cherehani. Watu hudhani gari la mbio lina tabia moja. Lina mbili, na aliye chini ya mguu wako ni yule uliyemwita.

Mshale wa joto ulipanda hadi katikati, ukatulia pale kana kwamba umepigiliwa. Mzee aliuona. Tulipofika Dumila alijiinamia akautazama mshale wa mafuta.

"Huu umekwama?"

"Haujakwama, mwalimu."

Akakigonga kioo chake kwa ukucha. Mshale haukutikisika. Tukapanda vilima vya kuelekea Gairo.

Mnunuzi alitungoja penye magunia yake, mtu mnene, mchangamfu. Alilizunguka gari akisugua viganja. Mzee Ludoviko alimwambia, "Bwana mkubwa, huenda nikakuangusha. Tazama mafuta tuliyobakiza."

Mnunuzi alichungulia akacheka. "Mzee wangu, mishale ya magari ya zamani inadanganya kuliko madalali. Huo unasema hivyo hapa, mkifika kilimani unaanguka kama embe."

Na alikuwa amesema kweli. Andika hilo, Mwajuma: mshale si shahidi. Shahidi ni tangi lililojazwa hadi shingoni, likatumiwa, likajazwa tena hadi shingoni kwenye pampu ileile. Mzee Ludoviko alitikisa kichwa, akakubali. "Basi nipe hadi Jumatatu. Pampu ya Morogoro iseme. Ikisema ni mlevi, nitalileta mwenyewe."

"Na isiposema?"

"Utatafuta injini nyingine, nami nitakuja kuifunga bila malipo."

Walipeana mikono.

Njia ya kurudi ina mteremko mrefu. Tulipoanza kushuka, Mzee Ludoviko alisema kama dereva yeyote wa nchi hii: "Tia nyutro, liteleze."

Kwa mara ya kwanza maishani sikumtii. "Mwalimu, naomba ulisikilize kwanza."

Niliondoa mguu kwenye mafuta, gari likiwa ndani ya gia. Likashuka kwa uzito wake, injini ikizungushwa na magurudumu. Nikashusha kioo cha upande wake. "Ukitia nyutro, injini inabidi inywe kidogo ili isizime. Likiwa kwenye gia bila mguu, kompyuta inajua kwamba barabara ndiyo inayofanya kazi, inafunga mafuta. Sasa hivi halinywi hata tone."

Alitoa kichwa chake nje. Mvi zake zilipeperuka. Alisikiliza ekzosi kama alivyokuwa akisikiliza malori ya misheni, mdomo wazi kidogo, macho yamefumbwa. Ngurumo ilikuwa imekwisha; palibaki upepo na matairi. Mteremko wote alikaa hivyo. Tulipofika chini na nikagusa mafuta, injini ikavuta pumzi tena, laini, naye akarudisha kichwa ndani, akajifanyia ishara ya msalaba.

"Limefunga mdomo lenyewe," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Watu hawa walikaa kwao Japani, hawakuwahi kuiona Gairo, wakaufikiria mteremko wa Gairo." Akapandisha kioo chake. "Nami nimekaa hapa siku zote, sikuyafikiria maji."

Nikaukaza mkono kwenye usukani, nikatazama barabara.

Kituoni Deo alikuwa amesimama karibu na pampu, mikono nyuma. Mafundi walikuwa wamejaa. Mama Shani aliingiza mpira tangini, na watu wote wakaitazama pampu inavyohesabu. Haikuchukua muda ikakatika yenyewe.

Mama Shani alikunja uso, akabonyeza tena. Ikakatika tena. "Limekataa."

"Ongeza hadi shingoni," alisema Mzee Ludoviko.

"Mafuta yako hapa shingoni, Mluguru, nayaona kwa macho." Akapiga magoti akachungulia chini ya gari, kisha akamtazama Deo. "Mjomba wako ameweka mafuta mengine njiani."

"Soma kwa sauti," mzee alisema.

Alisoma. Idadi sitaiandikisha, kwa sababu mtaishindania na magari yenu, na kila barabara ina idadi yake. Itoshe kusema haikufika nusu ya kile gari lile lilichozoea kwa safari ya namna hiyo. Wala nisiwadanganye kwamba lilikuwa limekuwa mtakatifu: njia ndefu na mwendo mmoja vilikuwa na sehemu yao. Mjini, kwa safari fupi fupi, bado lilikunywa kuliko vigari vya kina mama. Lakini lilikunywa kama mtu, si kama shimo.

Deo aliweka paji la uso wake juu ya paa la gari. Alikuwa akilia, na aliuficha uso asionekane na mjomba wake.

Mzee Ludoviko alisimama katikati ya uwanja. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Gari hili halikuzaliwa mlevi. Mimi ndiye niliyelilevya. Deo, ni lako, na atakayekuambia ulikate aje kwangu kwanza." Kisha akamgeukia Mama Shani. "Mtani, nidai unachotaka."

"Nitadai siku nikikumbuka. Leo nenda kapumzike, umechoka."

Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Jumatatu asubuhi alinijia nyumbani na fimbo yake. "Twende." Tukatembea. Tulikwenda Kihonda, Mafiga, Kilakala, Bigwa, gereji kwa gereji, kwa siku nyingi, mpaka miguu yake ikavimba. Kila mahali alisimama mbele ya mafundi, wengine wanafunzi wa wanafunzi wake, akasema maneno yaleyale. "Mimi ndiye niliyewafundisha kutoa mlango wa maji. Kwa malori ya zamani ilikuwa sawa. Kwa haya yenye kompyuta nilikosea. Yarudishieni." Wapo waliocheka. Kijana mmoja alimwambia, "Mzee, joto la Morogoro limekuzidi." Hakubishana naye. Aliishika hozi ya gari lililokuwa likiunguruma mbele ya kijana yule, akamwita, akauchukua mkono wake na kuuweka juu yake. "Ngoja," alimwambia. Wakangoja wote wawili, wameinama, mikono juu ya hozi, hadi kijana akaacha kutabasamu.

Nilikuwa nimeuvulia kofia uhodari wa injini ile. Mbele ya mzee yule sikuwa na kitu cha kuvua kilichotosha.

Yeye sasa amelala Matombo, kwao. Deo bado analo gari, na siku za Jumapili hulipeleka na familia yake hadi lami inapoishia, kwa maana zaidi ya hapo tumbo lake linagusa mawe.

Sasa nikupe ya kutunza, Mwajuma, nawe uwasomee wenzako. Tunza desturi ya kuanza kwa mkono, hata mashine ikishakuambia ugonjwa. Kila kanuni utakayopewa na fundi, uliza ilizaliwa kwa sababu ya gari gani na mlima gani, uitunze pamoja na sababu yake. Sababu ikifa, kanuni uizike. Usiandike popote kwamba babu yako alimshinda mwalimu wake. Andika kwamba mwalimu wake alitembea Bigwa hadi Kihonda kwa miguu iliyovimba.

Na siku utakapokuwa bingwa, ukamwona kijana wako mmoja anazunguka mbele yako, anataja kutu ambayo haipo kwenye bolti, acha kazi. Futa mikono. Mkalishe. Mwambie aseme, nawe umsikilize mpaka amalize.